Namna ya kufuatilia sheria ya wanyama kurudi nyuma, kwa mfano wa Ruaha na Usangu

Mwalimu wa historia Iringa au mtendaji wa kijiji Mbarali akitaka kujua sheria ya wanyama imetoka wapi, asianze na zama za kale. Aanze na sheria inayotumika leo, kisha ashuke ngazi moja moja. Anayeanzia zamani huokota amri zilizokwisha kufutwa akadhani bado zina nguvu.

Kwanza tenga mnyama wako. Tembo wa Ruaha na maksai wa kulimia hawako chini ya sheria moja. Wanyamapori wana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, Sura ya 283. Wa kufugwa wanalindwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008. Magonjwa ya mifugo yana sheria yake, Na. 17 ya 2003. Ukizichanganya, ngazi zote zinazofuata zitakupotosha, kwa sababu mizizi yake ni tofauti kabisa.

Pili, tafuta kifungu kinachofuta sheria ya awali, ambacho kwa kawaida huwa mwishoni. Na. 5 ya 2009 ilifuta Na. 12 ya 1974. Hiyo ya 1974 ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1951, nayo ya 1951 ilichukua nafasi ya ile ya 1940, iliyotanguliwa na ya 1921. Chini kabisa kuna amri ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann ya 1896. Chora daftarini safu nne: jina na namba, mwaka wa kutungwa, tarehe ya kuanza kutumika, na sheria iliyoifuta. Usiiache ile safu ya tatu, maana sheria inaweza kutungwa mwaka mmoja ikaanza kutumika mwingine.

Amri ya 1896 inahitaji uangalifu zaidi hapa kwetu. Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilianguka 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupambana hadi alipokufa 1898. Kwa hiyo usiandike kwamba uwindaji Uhehe ulidhibitiwa tangu 1896. Amri iliyosainiwa pwani haikuwa imefika kwa mwindaji wa bondeni.

Soma majedwali pia, yaani orodha za wanyama zinazoambatishwa kwenye sheria, si vifungu peke yake. Mkataba wa London wa 1900, wa mataifa ya kikoloni kuhusu wanyamapori wa Afrika, ambao haukuwahi kuanza kutumika, uliwaweka simba, chui na mbwa mwitu katika jedwali la wanyama waharibifu wa kupunguzwa. Leo Ruaha ni ngome muhimu ya simba na mbwa mwitu. Asiyefungua jedwali ataamini kwamba “kulinda wanyama” kulimaanisha jambo lile lile siku zote, na hilo ni kosa kubwa.

Mipaka ifuatilie peke yake. Wajerumani walitenga pori la akiba la Mto Saba mwaka 1910. Likawa Rungwa 1946, na sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha 1964. Usangu iliingizwa katika hifadhi hiyo kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008. Usiishie hapo, kwani mipaka iliguswa tena 2023. Kwa wanakijiji wa Mbarali, tangazo moja lililorukwa ni suala la shamba na malisho, kwa hiyo soma alama za mpaka neno kwa neno.

Kwa mifugo, mzizi uko Uingereza, 1822, katika sheria iliyopiganiwa na mbunge Richard Martin. Ililinda ng'ombe, farasi na kondoo dhidi ya ukatili, kwa faini ya shilingi 10 hadi pauni 5. Mbwa waliingizwa 1835. Hatua kubwa iliyofuata ni ripoti ya 1965 ya tume ya Brambell, iliyochunguza hali ya mifugo Uingereza: mnyama aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Hapo ndipo zilipochipuka “uhuru tano”: dhidi ya njaa na kiu, usumbufu, maumivu na magonjwa, hofu, na kuzuiwa tabia ya asili. Ukisoma sheria yetu ya 2008, weka orodha hiyo pembeni na uoanishe kila kifungu nayo, hasa vinavyogusa usafirishaji. Ng'ombe waliobanwa kwenye lori kutoka mnadani wanakosa karibu zote tano.

Nakala zinapatikana bure TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania. Angalia toleo kabla ya kunukuu, kwani namba za vifungu huweza kubadilika sheria zinapofanyiwa urekebu, yaani kupangwa na kuchapishwa upya, na nukuu ya toleo la zamani inaweza isilingane na la sasa.