Tengeneza fremu inayohimili unyevu wa Dar, kuanzia mbao hadi ukutani

Wiki hii dukani kwetu Kariakoo tumepokea mzigo wa kadi nene zisizo na asidi, nyeupe na za rangi ya maziwa, pamoja na mbao za fremu za mninga ambazo bado hazijapakwa kitu. Kila anayeuliza bei huongeza swali la pili: fundi, hii kazi naweza kuifanya mwenyewe nyumbani? Unaweza kabisa. Ukiwa na msumeno wa meno madogo, gundi nyeupe ya mbao, kisu kikali na jioni mbili za utulivu, utapata fremu nzuri kuliko nyingi zinazouzwa zikiwa tayari.

Sharti ni moja: itengeneze kwa ajili ya mji huu. Hapa picha haziharibiwi sana na vumbi wala watoto. Zinaharibiwa na unyevunyevu uliofungiwa ndani ya fremu ukakosa pa kutokea. Tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, tuna vuli mwishoni mwa mwaka, na ukikaa Kunduchi, Msasani au Kigamboni unapata na chumvi ya bahari juu yake. Kwa hiyo katika kila hatua nitakayoeleza nitakuwa nalinda nafasi tatu: nafasi kati ya picha na kioo, nafasi ya karatasi kutanuka, na nafasi kati ya mgongo wa fremu na ukuta.

Hatua ya 1: Tambua picha yako ni ya aina gani

Picha ya rangi ya mafuta au akriliki kwenye turubai haihitaji kioo. Vivyo hivyo Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na wachoraji wa Morogoro Stores kule Oysterbay bado wanapenda rangi za namna hiyo, ingawa siku hizi wengi wanachora kwenye turubai. Rangi ile inakauka juu haraka, lakini ndani inachukua wiki kadhaa kukomaa. Ukiibana na kioo, itaganda nacho. Ukiikunja na nailoni ikakaa kwenye gari juani, nailoni itashikana na rangi na kubanduka nayo.

Kama umenunua turubai na unataka kuisafirisha imeviringishwa, viringisha upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba pana la karatasi ngumu. Watu wengi hufanya kinyume wakidhani wanailinda. Rangi ikiwa ndani inasongamana na kupasuka.

Kazi za karatasi, yaani michoro ya penseli, rangi za maji, chapa, vyeti na picha za kamera, zote zinahitaji kioo na kadi. Batiki iko katikati: inaweza kuvutwa kama turubai, lakini ichunge na jua, maana inapauka.

Hatua ya 2: Mbao na vipimo

Ushauri wangu ni mninga. Ukishakauka hauchezi sana, haupindi, na rangi yake ni nzuri bila kupakwa chochote zaidi ya vanishi nyembamba. Mkongo nao ni imara ila ni mzito. Paini ya Sao Hill ni rahisi kwa bei na kwa msumeno, na haina ubaya wowote, mradi iwe imekauka kweli. Usikubali neno la muuzaji peke yake. Kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiache ndani ya nyumba, kisha kipime tena baada ya siku chache. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado ina maji, na kona utakazoziunga leo zitaachana baadaye.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi huharibu mbao. Mbao ya fremu ina mfuo kwa nyuma unaobeba picha. Tuseme picha yako ni ya sentimita 60 kwa 60, mbao ina upana wa sentimita 4, na mfuo umeingia milimita 6. Kwanza ipe picha nafasi ya kupumua: ongeza milimita 3, upate 60.3. Kisha chukua upana wa mbao, toa mfuo: 4 kutoa 0.6 ni 3.4. Zidisha kwa 2, ni 6.8. Jumlisha na 60.3. Kila kipande kitakuwa na sentimita 67.1 kwa upande wake mrefu wa nje. Nunua mita 3 na utabaki na akiba kidogo ya kukosea.

Hatua ya 3: Kata, unga, hakiki

Kata kila ncha kwa nyuzi 45 ukitumia kisanduku cha kuongozea msumeno. Usiamini alama za penseli kwa vipande vinavyotazamana. Viweke mgongo kwa mgongo, viwe sawa kabisa kwa kidole. Vikipishana hata milimita moja, kona ya nne haitafunga.

Paka gundi pande zote mbili za kona, subiri kidogo mbao inywe, paka tena, kisha funga fremu nzima kwa mkanda au kamba imara inayoizunguka. Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, halafu pima mshazari wa pili. Kwa mfano wetu kila mshazari wa nje uwe karibu sentimita 94.9. Zikitofautiana, fremu imelala upande. Isukume taratibu kwenye kona ya mshazari mrefu mpaka zilingane. Acha usiku kucha. Kesho yake piga misumari miwili myembamba isiyo na kichwa kila kona, sugua na msasa laini, paka vanishi, mbele na nyuma. Watu husahau nyuma, na huko ndiko mbao inakonywea unyevu wa ukuta.

Hatua ya 4: Kama ni turubai

Turubai huvutwa kwanza kwenye kiunzi chake cha ndani. Ukingo wa mbele wa kiunzi uwe umerandwa kwa mteremko ili turubai iguse mbao kwenye kingo za nje tu, la sivyo mstari wa mbao utajitokeza kwenye picha. Acha sentimita 5 za turubai kila upande kwa ajili ya kukunja.

Piga pini ya kwanza ya stepla katikati ya upande wa juu. Ya pili katikati ya upande wa chini, huku unavuta. Kisha kushoto, kisha kulia. Endelea hivyo kutoka katikati kuelekea kona, daima pande zinazotazamana, na kona ziwe za mwisho. Anayeanzia kona anaishia na mikunjo isiyotoka.

Acha nafasi za kabari kwenye kona za kiunzi. Masika turubai italegea, na kabari ndogo zikigongwa kidogo zinairudisha bila kung'oa pini hata moja. Fundi akikuuzia kiunzi kilichopigwa misumari moja kwa moja kwenye kona, bila kabari, mwambie akirekebishe.

Hatua ya 5: Kama ni karatasi

Hapa naomba tuende polepole, kwa sababu kazi nyingi ninazoletewa zikiwa zimeharibika ni za karatasi, na karibu zote zimeuawa na vitu vitatu: kugusa kioo, selotepu, na gundi iliyopakwa mgongo mzima.

Kadi nene yenye dirisha katikati haiwekwi kwa urembo pekee. Inaiweka picha mbali na kioo. Bila hiyo nafasi, unyevu unaojikusanya ndani ya kioo unahamia moja kwa moja kwenye karatasi. Picha za kamera ndizo zinazoumia zaidi, maana uso wake una tabaka la jelatini linalolainika kwa unyevu na kugandia kioo. Mama zetu huleta picha zao za harusi za zamani zikiwa katika hali hiyo, na swali huwa lile lile: "Mwanangu, utaibandua?" Jibu langu huwa, "Hapana mama, tusiivute." Ukiivuta, nyuso zinabaki kwenye kioo. Tunaipiga picha safi au kuiskani ikiwa bado imeshikana na kioo chake, tunachapa nakala, na ile ya asili inahifadhiwa kama ilivyo.

Vipimo vya kadi: kwa karatasi ya sentimita 30 kwa 40, dirisha liwe 29.2 kwa 39.2, yaani kadi ifunike milimita 4 kila upande. Acha sentimita 6 juu na pembeni, na 7 chini; jicho la mtu huona picha imekaa katikati chini ikiwa pana kidogo. Kadi nzima itakuwa 41.2 kwa 52.2. Kata kwa kisu kipya, ukikiinamisha nyuzi 45, kwa rula ya chuma, kutokea nyuma ya kadi. Wembe butu huchana.

Kadi iwe isiyo na asidi. Kadi za kawaida na maboksi hugeuka manjano baada ya miaka, na hiyo rangi huhamia kwenye picha kama mstari wa kahawia kuzunguka dirisha. Tofauti ya bei ipo, naijua, lakini kama kazi ni ya asili wala si chapa ya kununua tena, usibane matumizi hapa.

Sasa kuishikiza. Chukua kijiko 1 cha wanga wa ngano au wa mchele, vijiko 5 vya maji, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi uwe mzito na uanze kupitisha mwanga. Uache upoe, uchuje. Hukaa siku chache tu kwenye friji. Chana, usikate, vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba ya Kijapani, vipake wanga, vibandike nusu nyuma ya ukingo wa juu wa picha na nusu kwenye kadi ya nyuma. Juu tu. Chini na pembeni picha ibaki huru kabisa, maana karatasi hutanuka masika na kunywea kipupwe. Ikishikwa pande zote nne itajikunja mawimbi, na watu watakulaumu kwa picha mbovu. Uzuri wa wanga ni kwamba mtu mwingine akitaka kuitoa miaka 30 ijayo, maji kidogo yanatosha.

Kuhusu kioo: cha milimita 2 kina uzito wa kilo 5 kwa mita ya mraba, cha milimita 3 kilo 7.5. Kwa fremu kubwa ya sebuleni fikiria akriliki, ni chini ya nusu ya uzito huo, ingawa inakwaruzika. Ukisafisha kioo, kiache kikauke kabisa kabla ya kufunga.

Hatua ya 6: Mgongo

Panga kioo, kadi ya dirisha, picha na kadi yake ya nyuma, halafu hadibodi. Hadibodi isiguse picha, ina asidi. Piga misumari midogo kuzunguka, kisha ziba mwanya wote kwa tepu ya karatasi ili mende na vumbi wasipite. Usifunge siku ya mvua. Hewa unayoifungia ndani ndiyo picha itakayoishi nayo, kwa hiyo subiri siku kavu au fungia kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Pete za kuning'iniza ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, theluthi moja kutoka juu. Kwenye kona mbili za chini bandika vipande vya kizibo cha chupa, unene wa milimita 5 hivi. Hivyo hewa inapita nyuma ya fremu.

Hatua ya 7: Ukutani

Epuka ukuta wa nje unaopigwa na mvua, ukuta wa bafu, plasta mpya ambayo haijakauka, na sehemu inayopata jua la saa kumi jioni. Usitundike chini ya kiyoyozi. Tumia skrubu mbili zenye plagi, si msumari mmoja. Fremu haitahamahama na uzito unagawanyika.

Kila Juni, mvua zikishakwisha, ishushe. Tazama tepu ya nyuma, gonga kabari kama turubai imelegea, angalia pete. Ukiona vumbi jeupe au la kijivu ndani ya kioo, huo ni ukungu: fungua fremu, toa picha, iache ikauke kivulini penye feni ya mbali, kamwe si juani, kisha ifagie taratibu kwa brashi laini ukiwa nje na umevaa barakoa. Kadi iliyoshika ukungu itupe na ukate mpya.