Kupiga filamu ya wakulima wa mwani: tarehe anapanga mwezi

Mteja anayetaka filamu ya dakika kumi kuhusu wakulima wa mwani wa Paje au Jambiani, Unguja, huja na tarehe zake mfukoni: tupige Jumatatu hadi Alhamisi, tumalize. Kabla sijamjibu, nafungua kalenda ya mwezi mwandamo. Mwani hushughulikiwa maji yakiwa yamekupwa sana, na hayo ni maji ya bamvua: siku chache mwezi unapoandama, na siku chache ukiwa mpevu. Katikati ni maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, na akina mama wako kwenye shughuli nyingine. Ukiikosa bamvua, utasubiri kama wiki mbili huku hela ya gesti inateketea. Kwa hiyo weka siku za shuti kwanza kwenye karatasi, halafu panga vibali, usafiri na malipo kwa kurudi nyuma.

Siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Hapo jua ni kali, mchanga mweupe unamulika, na nyuso zimejificha kivulini chini ya mitandio. Mpiga picha atanung'unika, anautaka mwanga wa alfajiri. Alfajiri mwanga upo, shamba halipo. Mpe filta ya kupunguza mwanga, mwambie asogee karibu: mikono inavyofunga mbegu, kamba inavyokazwa kwenye vigingi.

Ratiba yangu ya siku inakwenda hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko uani kwa mtu, mahojiano, kabla upepo haujaamka. Saa mbili na nusu nafunga, hata kama maneno ni matamu, kwa sababu yule mama ana shamba. Saa tatu tunashuka tukiyafuata maji. Maji yakigeuka, vifaa vyote vinatoka, hakuna cha "picha moja tu". Jioni miguu ya stendi za kamera inasuuzwa kwa maji baridi. Ikilala na chumvi, kesho viungo vimeganda.

Mwani huchukua kama wiki sita toka kupandwa hadi kuvunwa. Mteja akitaka kupanda na kuvuna vyote viwili, ama unarudi bamvua ya tatu baadaye, ama siku hiyohiyo unapiga shamba linalopandwa na jingine linalovunwa. Mimi huchagua la pili, mradi maelezo ya filamu yasidai kwamba ni shamba la mtu mmoja.

Vibali vianze mapema. Zanzibar ina chombo chake, BASSFU, baraza la sanaa, sensa ya filamu na utamaduni. Karatasi ya Bodi ya Filamu ya Bara usiitegemee huku. Droni ina njia yake, kuanzia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ukishapata mihuri yote, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na uende mwenyewe, usimtume dereva. Sheha ndiye anayejua nani ana shamba wapi, nani hapendi kupigwa picha, na wapi kuna msiba wiki hiyo.

Ridhaa isomwe kwa sauti kwa Kiswahili, siyo kusainiwa tu. Mtu aliyelowa hadi kiunoni huenda hataki aonekane hivyo na wakwe zake. Muulize kabla, na mwonyeshe picha baada. Posho iandikwe kwenye bajeti kama malipo ya muda, ilipwe siku hiyohiyo.

Kwenye bajeti, watu huhangaikia kamera wakasahau yanayoila hela kweli: Hiace ya siku nzima, boti ya Dar na mizigo yake, chakula, hadi diski. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inameza gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa tatu ni 270, kwa siku moja tu. Nunua diski mbili, zilale nyumba tofauti. Kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa. Juu ya jumla ongeza asilimia kumi ya dharura. Mteja akiikata, punguza siku ya shuti, usipunguze chakula. Timu yenye njaa inapiga picha mbovu kuanzia saa saba.

Sauti ndiyo inayonipa presha. Paje wageni huenda kucheza kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini ukivutwa na tiara, kwa sababu ya upepo, na upepo huohuo unaingia kwenye maiki. Maiki ndogo yenye manyoya, ndani ya mtandio, ivalishwe na msichana wa timu. Adhana ikianza, tunanyamaza wote. Nyakati za swala ziko kwenye ratiba tangu mwanzo.

Halafu kuna lugha. Wazee wa kusini Unguja wakichangamka wanaingia kwenye Kimakunduchi, lahaja ya huko, na mhariri wako wa Sinza, Dar, ataambulia nusu. Mlipe mtu wa kulekule ayaandike mahojiano yote kabla uhariri haujaanza.

Rasimu ya kwanza mteja aipate bila muziki wala rangi, abishane na hadithi tu. Maoni yote yatoke kwa mtu mmoja, kwa maandishi, mizunguko miwili. Wa tatu una bei. Malipo yangu ni nusu kabla ya kukata tiketi za boti, robo baada ya rasimu, na robo ya mwisho kabla ya faili safi lisilo na nembo kuondoka kwenye kompyuta yangu. Nakala ya wakulima haisubiri hiyo robo: naikabidhi kwa sheha kwenye fleshi.