Simu unayomletea mtoto Moshi Desemba hii

Kila Desemba, ndugu wakianza kushuka stendi ya Moshi, simu nazo huja kwenye mabegi. Kaka yangu anayeishi Australia alimletea simu binti yake wa miaka 13, anayelelewa na mama yetu Kibosho. Akaunti za mitandao kaka alizifungua mwenyewe, kwa tarehe yake yeye ya kuzaliwa, si ya mtoto, zisisumbue. Miezi mitatu baadaye mama alimkuta mtoto nyuma ya banda la ng'ombe anatetemeka. Mtu asiyemjua alikuwa anadai picha ya pili ya utupu, la sivyo ataisambaza ya kwanza.

Wazazi mlioko nje, sheria za huko zinawalinda watoto mnaoishi nao. Australia, tangu 10 Desemba 2025, mitandao kama TikTok na Instagram inatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Uingereza ina Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2023. Mtoto wa Kibosho hayumo humo. Hapa kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, tena kali: anayesambaza picha za ngono za mtoto hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 7, faini isiyopungua shilingi milioni 50, au vyote viwili. Ila huyo mgeni anayemwandikia mtoto saa nne usiku, sheria inamkuta ameshaingia.

Kwa hiyo andika tarehe ya kuzaliwa ya mtoto mwenyewe. Mitandao mikubwa ikijua ni mtoto hubana nani anaweza kumtumia ujumbe.

Yakishatokea, usitume hela. Atarudi kudai tena. Msifute kitu. Pigeni picha ya skrini ya vitisho, jina la akaunti, namba na tarehe. Aliyeko nyumbani apige 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au aende polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kaka kwa hasira alitaka kuirusha ile picha kwenye grupu la ukoo, mhalifu atambuliwe. Nilimkatalia katakata: kuisambaza ni kosa lile lile, na mtoto ni wetu.

Halafu zungumza na mtoto mwenyewe, si bibi yake tu. Binti yetu alikaa na siri ile siku tisa, akiogopa kunyang'anywa simu, na ndiyo aliyokuwa akiongelea na baba yake. Siku unayomkabidhi, mwambie kwamba akisema, hanyang'anywi.