Steki laini za nguruwe kwa gharama ndogo: namna ya kuzilaza kwenye viungo na kuzipika nyumbani

Katika miji ya Mbeya, Iringa, Njombe na Makambako, nyama ya nguruwe, ambayo wengi wetu tunaiita kitimoto, huliwa zaidi ikiwa imekatwa vipande vidogo na kukaangwa hadi ikauke, kisha ikaletwa mezani pamoja na ndizi, kachumbari na pilipili. Ni chakula kizuri na sina nia ya kukipinga. Lakini steki, yaani kipande kipana kinachopikwa na kuliwa kikiwa kizima, haipikwi sana majumbani kwa sababu mbili: wapo wanaoamini kwamba ulaini hununuliwa kwa bei kubwa, na wapo ambao, kwa hofu ya minyoo iliyo ya haki kabisa, huiacha nyama motoni mpaka inashindwa kutafunika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchukua sehemu ya bei ya kawaida, kuilaza kwenye viungo vinavyopatikana sokoni, na kuipika ikaiva hadi ndani bila kukauka.

Buchani

Jambo la kwanza la kutazama buchani ni muhuri wa mkaguzi wa nyama, kabla hata ya kuuliza bei. Nyanda za Juu Kusini ni eneo la ufugaji mkubwa wa nguruwe, na wengi wao hufugwa na kaya zenye wanyama wawili au watatu; wale wanaoachwa wazurure hufikia kinyesi cha binadamu pale ambapo vyoo ni duni, na huko ndiko wanakomeza mayai ya minyoo aina ya tegu. Tatizo hili linajulikana vyema katika wilaya kama Mbozi. Ndani ya nyama, mabuu ya tegu huonekana kama vifuko vidogo vyeupe vyenye majimaji, vilivyo karibu na ukubwa wa njegere, na mtu anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata tegu tumboni. Madhara makubwa zaidi hutokea baadaye, kwa kuwa mayai yanayotoka katika kinyesi cha mtu huyo, yakimezwa naye mwenyewe au na jirani yake kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa, huweza kuanguliwa, mabuu yakafika kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Ukiona vifuko hivyo, usinunue nyama hiyo, hata ukiambiwa kwamba moto utavimaliza.

Vivyo hivyo, iepuke nyama inayouzwa kwa bei ya kutupa wakati wa mlipuko wa homa ya nguruwe. Ugonjwa huo haumwambukizi binadamu, lakini mnyama aliyekufa mwenyewe hakukaguliwa na mtu yeyote, na mabaki yake hueneza ugonjwa hadi kwenye mabanda ya majirani.

Baada ya usalama, chagua sehemu. Katika mabucha mengi niliyoyazoea, kilo moja ni mchanganyiko wa chochote ambacho panga limekifikia, na bei ni ile ile, kwa hiyo mnunuzi anayejua kuomba ndiye anayefaidika. Sema tu: "Kaka, naomba unikatie kilo moja ya shingo, usinichanganyie." Shingo na bega ndizo sehemu ninazozipenda kwa steki za nyumbani. Misuli yake imefanya kazi nyingi, hivyo ina kano na utando mgumu, lakini pia ina mafuta yaliyopenya katikati ya nyama, na mafuta hayo huisaidia isikauke. Paja ni jekundu, halina mafuta mengi na hukauka upesi. Nyama ya mgongo ni laini tangu mwanzo, lakini mara nyingi huwa na bei ya juu na haisamehe kosa: dakika tatu za ziada motoni zinatosha kuiharibu. Kama muuza nyama anafahamika kwako, muulize pia iwapo mnyama alikuwa dume lisilohasiwa, kwa maana nyama ya dume la namna hiyo inaweza kuwa na harufu kali ambayo viungo haviwezi kuiondoa.

Kukata

Ukiitazama nyama kwa makini utaona nyuzi zake zikielekea upande mmoja, kama mabua yaliyofungwa pamoja. Kisu kikipita sambamba na nyuzi hizo, kila mlaji atalazimika kuzikata kwa meno yake. Kisu kikikingama nazo, kazi hiyo inakuwa imekwisha kufanyika kabla ya kupika. Huu ndio msaada mkubwa zaidi unaoweza kuipa nyama bila kutumia hata shilingi moja, nami nashangaa jinsi unavyosahauliwa. Kata vipande vyenye unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, ambavyo kwa kilo moja ya nyama isiyo na mfupa vitafikia sita hivi. Kwenye ukingo wa mafuta, pasua mistari midogo kila baada ya sentimita tatu, kwa sababu mafuta na utando wake hujikunja yakipata moto na kuifanya steki iinuke katikati kama bakuli. Kisha gongagonga kila kipande kwa mgongo wa kisu au kwa mchi, kwa nguvu ya wastani, pande zote mbili.

Mafuta ya pembeni yaliyozidi usiyatupe, kwani ndiyo tutakayopikia.

Viungo na muda wa kuilaza nyama

Kwa kilo moja ya nyama tumia vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, punje sita za kitunguu saumu zilizotwangwa, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba kilichoparuzwa, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, juisi ya limao moja, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Anayependa aongeze binzari nyembamba au pilipili mbichi. Vitu hivi vyote hupatikana Mwanjelwa au katika soko lolote la mtaa kwa kiasi kidogo kidogo, na huna haja ya chupa za michuzi ya dukani.

Inafaa kuelewa kila kiungo kinafanya nini, kwa sababu makosa mengi hutokana na kudhani kwamba vyote hufanya kazi moja. Chumvi ndiyo pekee inayopenya ndani kwa kina cha maana. Huilegeza protini ya nyama na kuiwezesha kushikilia maji yake hata inapopata moto. Limao, saumu na pilipili hubaki karibu na uso wa nyama, kwa milimita chache tu, na ndiyo maana steki nyembamba hufaidi viungo kuliko pande kubwa la nyama. Asidi ya limao ikikaa muda mrefu huanza kuivisha nyama bila moto, na uso wake hugeuka mweupe na kuwa kama chaki mdomoni. Niliwahi kuilaza nyama kwenye malimao matatu usiku kucha nikidhani kwamba kuzidisha ni kuboresha, na asubuhi ilikuwa nyororo kwa nje na ngumu kwa ndani, wala hapakuwa na namna ya kuirekebisha. Kwa hiyo, penye limao, saa moja hadi mbili inatosha.

Anayetaka kuilaza nyama usiku mzima kwenye jokofu abadilishe limao kwa mtindi. Kwetu, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa kwa wingi Rungwe, Njombe na Mufindi, kikombe kimoja cha maziwa ya mgando si gharama kubwa, na uchachu wake ni mpole kiasi kwamba hauiharibu nyama hata baada ya saa kumi na mbili. Kwa maoni yangu, hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa nyama ya bega.

Papai bichi ni dawa kali zaidi. Maziwa yake yana kimeng'enya kinachokata protini, na kijiko kikubwa kimoja cha papai bichi lililoparuzwa kinatosha kilo nzima. Usizidishe nusu saa, na ukipaka papai, anza kupika mara tu muda ukitimia, kwa sababu kimeng'enya hicho huendelea na kazi hadi moto ukizuie. Nanasi bichi lina nguvu ya namna hiyo pia, na tangawizi nayo inayo, ingawa kwa kiasi kidogo. Tumia papai kwa paja au kwa nyama ya mnyama mzee. Kwa shingo ya mnyama mdogo halihitajiki.

Asiye na jokofu asiiache nyama nje kwa zaidi ya saa mbili, kuanzia ilipotoka buchani. Baridi ya Juni na Julai isikudanganye, hata kama unaishi Makete au Uyole na mikono inakufa ganzi asubuhi, kwa kuwa jikoni penye jiko lililowashwa si mahali pa baridi. Maji yaliyobaki baada ya kuilaza nyama yamwagwe, na bakuli, kisu na ubao vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

Moto wa kwanza na moto wa pili

Vikate vipande vya mafuta viwe vidogo, vitie kwenye kikaango kizito pamoja na vijiko viwili vya maji, na uviache kwenye moto mdogo. Maji yatatangulia kuchemka na kukauka, na mafuta yatajitoa taratibu bila kuungua. Ondoa vikaukau vinavyobaki, uvinyunyizie chumvi na uwape watoto wanaozunguka jikoni. Kwa njia hii hununui mafuta ya kupikia, na ladha inayopatikana haiwezi kulinganishwa na ya mafuta ya chupa.

Toa steki kwenye viungo, kwangua saumu na tangawizi iliyoganda juu yake, kisha uipanguse vizuri kwa kitambaa safi. Hatua hii inaonekana ndogo lakini ni ya lazima, kwani nyama yenye maji haigeuki kahawia. Inachemka tu kwenye kikaango, huku saumu ikiungua na kuwa chungu. Chochea moto mpaka mafuta yaanze kufuka moshi kidogo, weka vipande viwili au vitatu bila kuvibananisha, na usiviguse kwa dakika tatu. Geuza, subiri dakika nyingine tatu, kisha viweke kwenye sahani safi na uendelee na vilivyobaki.

Kama nyama yako ni ya mgongo, kazi inakaribia kwisha: punguza moto, funika kikaango, na upike dakika nne au tano zaidi, ukigeuza mara moja. Nyama ya shingo na bega inahitaji moto wa pili. Katika kikaango hicho hicho kaanga kitunguu maji kimoja na nyanya mbili, rudisha steki zote, ongeza kikombe kimoja cha maji, funika, na upunguze moto hadi mchuzi uwe unatokota polepole. Kwa jiko la mkaa, ondoa baadhi ya makaa, funika mengine kwa majivu na uzibe mlango wa hewa. Katika hali hii ya unyevunyevu na joto la taratibu, kano ngumu huyeyuka na kuwa ute laini unaoipa nyama utelezi, na hapo ndipo sehemu iliyokuwa ngumu inapoizidi ile ya bei kubwa.

Muda ni dakika arobaini hadi hamsini. Msomaji aliyezoea mapishi ya pwani ataona kwamba ni mrefu, lakini mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94 badala ya 100, hivyo chochote kinachopikwa kwa kuchemshwa huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Iringa nako ni vivyo hivyo, kwa tofauti ndogo. Onja kwa uma: ukiingia na kutoka bila kuinua nyama, imekuwa laini.

Suala la kuiva hadi ndani lisichukuliwe kwa bahati. Mwenye kipimajoto cha nyama ahakikishe katikati ya kipande kizito kuliko vyote pamefika nyuzi 71. Asiye nacho akate kipande hicho katikati: kusiwe na wekundu wala uwaridi, na maji yanayotoka yawe meupe. Katika nchi nyingine watu hula nyama ya nguruwe yenye uwaridi katikati, lakini mimi sishauri hivyo katika eneo letu. Njia ya mioto miwili inakuwezesha kutii sharti hili bila kula nyama kavu, kwa sababu mafuta na mchuzi vinaikinga muda wote.

Acha steki zipumzike dakika tano kabla ya kukata, ili maji yake yatulie ndani. Zipakue na ndizi za Tukuyu zilizochemshwa au viazi mviringo vilivyokaangwa kwenye mafuta yale yale, pamoja na kachumbari yenye vipande vya parachichi na ndimu. Wengine watapenda ugali, na mchuzi ule unautosha kabisa. Steki zikibaki, zipoe upesi na ziingie kwenye jokofu zikiwa ndani ya mchuzi wake, kisha kesho yake zipashwe moto mpaka mchuzi uchemke. Mafuta yaliyobaki yachuje, yatie kwenye chupa safi ya mdomo mpana, na uyatumie ndani ya wiki chache kukaangia viazi au kuungia maharage.