Namna ya kuingia mashindano ya gemu za vita vya zamani mtandaoni ukiwa hapahapa Tanga

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa sababu kila nikikaa kijiweni Ngamiani na simu yangu vijana wananiuliza swali lilelile, kaka hizo gemu za ramani unazocheza na watu wa nje unaingiaje, unalipa shilingi ngapi, si inataka kompyuta kubwa? Kwa kifupi hulipi kitu na simu inatosha kuanzia. Kwa kirefu endelea kusoma.

Hizi siyo zile za kufyatua risasi. Ni ramani na majeshi, unaongoza Waskoti dhidi ya Waingereza mwaka 1297, au unaendesha Vita Kuu ya Kwanza nzima kuanzia 1914, kila mtu kwa zamu yake. Mtu wa bao ataelewa mapema kuliko anavyodhani, maana ile tabia ya kuhesabu kwanza kete itaishia shimo gani kabla hujaishika ndiyo hiyohiyo inayotakiwa huku.

Pa kuanzia nawashauri tovuti ya Rally the Troops. Inafunguka kwenye brauza, bure, sheria inazisimamia yenyewe kwa hiyo huwezi kusogeza jeshi mahali pasiporuhusiwa, na zamu yako ikifika inaweza kukutumia imeili. Uzuri wake hamlazimiki kuwa hewani wote wawili, we unacheza zamu yako asubuhi unaenda kwenye mishe zako, mwenzako anajibu usiku wake, na kwa sisi ambao umeme unaweza kuondoka saa moja jioni ukarudi saa sita hilo ni jambo kubwa sana. Ipo na programu ya Vassal, hiyo unashusha kwenye kompyuta, nayo bure na ina gemu nyingi mno, ila haisimamii sheria, ni kama umepewa meza na vifaa basi, sheria mzijue wenyewe. Iache mpaka uive.

Halafu chagua gemu moja. Moja tu jamani. Mi nilianza na Hammer of the Scots na bado ndo nampa kila mtu mpya. Majeshi ni vibao vya mbao vilivyosimama, we unaona sura ya vyako, vya adui unaona mgongo tu, hujui kama pale kuna mfalme au wakulima watatu wenye mikuki. Kila kibao kina nguvu, mwisho 4, na ina maana kinarusha dadu ngapi, halafu kina herufi na namba. A anapiga kabla ya B, B kabla ya C, na herufi zikilingana anayelinda anaanza. Namba ndo inasema dadu ikitoka ngapi ni pigo. Sasa chukua kibao cha B3 chenye nguvu 4. Unarusha dadu nne, kila moja ikitoka 1, 2 au 3 umepiga, kwa hiyo tegemea mapigo mawili, na kukosa zote nne hutokea mara 1 katika 16. Lakini C2 mwenye nguvu 3 ni habari nyingine kabisa, wastani wake pigo moja, na kukosa zote tatu ni karibu mara 3 katika kila 10! Watu wanaingia mapigano na C2 wawili wakidhani wana jeshi, wakipigwa wanalaumu dadu. Na kumbuka pigano lina raundi 3 tu, mshambuliaji asipomaliza kazi analazimika kurudi nyuma. Hesabu hizi zifanye kwenye karatasi mpaka zikae kichwani.

Kabla hujajiandikisha mashindano yoyote cheza mechi kumi za kawaida, tano kila upande. Hili nasisitiza kwa sababu kwenye mashindano upande hupangiwi kwa mapenzi yako, mengine mnacheza mechi mbili mkibadilishana, mengine mnanadi, yaani unasema nataka upande huu na niko tayari kukupa pointi mbili za kuanzia, sasa kama hujawahi kucheza upande wa pili utajuaje una thamani gani?

Kuhusu kucheza kwenyewe nina neno moja tu na nimelipata hapahapa kwetu. Novemba 1914 Waingereza walikuja na askari kama 8,000 kutoka India kuuchukua mji huu. Kabla ya kushusha watu meli yao ya HMS Fox ikaingia kudai mji usalimu amri, muda ukapita, huku von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotawala huku wakati huo, analeta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Wakashuka upande wa Ras Kazone bila upelelezi wa maana, wakakutana na watu kama 1,000, na wakarudishwa melini (nyuki nao waliwauma watu vitani, ila hawakuchagua upande). Mi kabla ya kubonyeza kumaliza zamu najiuliza, hapa nampa adui treni? Mara nyingi jibu ni ndiyo, nimekusanya jeshi zamu mbili mpakani kila mtu anaona, na mwenzangu ameshajaza ngome.

Mashindano mengi yanatumia mtindo wa Uswisi, ulioanzia kwenye chesi mjini Zurich mwaka 1895. Hutolewi ukifungwa, aliyeshinda anapangwa na aliyeshinda, aliyefungwa na aliyefungwa, watu 16 raundi 4 zinampata bingwa. Mkilingana pointi huwa wanaangalia pointi za wapinzani uliocheza nao, kwa hiyo ukifungwa raundi ya kwanza usisuse, aliyekufunga akiendelea kushinda na wewe unapanda. Soma pia muda wa kila raundi na adhabu ya kuchelewa, watu wazuri wengi wanatoka kwa saa na siyo kwa ramani.

Na saa yenyewe tuangalie sisi waswahili. Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa mechi ya moja kwa moja na mtu wa Uingereza, kaandika 20:00, mi nikasoma saa mbili usiku nikakaa, nikasubiri mpaka saa tatu, nikazima nikalala. Ilikuwa Juni. Saa mbili yake kiangazi kwetu ni saa nne usiku, yeye alikuja kwa wakati na akapewa ushindi wa mezani. Iliniuma sana. Kwa hiyo kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi ongeza masaa 2 kwenye saa ya London, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba ongeza 3, na ukimwandikia mpinzani taja na saa za Afrika Mashariki, UTC+3, asije naye akapotea. Bando nunua mchana, simu chaji mapema. Ukiona umeme umeondoka mtumie meseji palepale, usingoje urudi, wengi ni waungwana wanaahirisha. Ramadhani mi sichukui mechi za moja kwa moja kabisa, futari na tarawehe vinakula jioni yote, nabaki na zile za zamu.

Ukimaliza zile mechi kumi nitafute kijiweni baada ya alasiri, tufungue moja ya mazoezi. Waskoti nakuachia wewe.