Dawa ya maumivu ya neva inakusaidia kweli? Namna ya kujua

Miguu inawaka kana kwamba umekanyaga makaa, lakini ukiishika ni ya baridi. Shuka ikigusa kidole gumba unashtuka. Saa nyingine ni sindano sindano, au shoti ya umeme inayoanzia kiunoni na kushuka hadi unyayoni, kisha sehemu ileile inakufa ganzi. Haya ndiyo maumivu ya neva, ambayo wengi huyaita maumivu ya mishipa ya fahamu. Hapa haiumi nyama wala mfupa. Neva zinazopeleka habari kwenye ubongo zimejeruhiwa, nazo zinatuma taarifa za uongo. Ndiyo maana parasetamoli na diklofenaki hazifui dafu, na mwenye kisukari anayemeza diklofenaki kila siku anaumiza figo na tumbo bila kupata nafuu yoyote.

Dawa zinazoandikwa kwa kazi hii ni nyingine: amitriptilini, gabapentini, pregabalini, duloksetini. Mgonjwa anazimeza wiki tatu, nne, halafu anajiuliza: hivi inanisaidia, au nameza tu? Swali hilo ni la haki kabisa, na daktari mzuri halichukii. Tatizo ni kwamba wengi hulijibu kwa kukisia. Mmoja anaacha dawa ambayo ingemfaa, mwingine anaibeba miaka mitano wakati haijawahi kumfanyia kitu.

Dawa hizi zinaweza nini

Tusidanganyane hapa. Uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa hizi ulichapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet Neurology. Ulionyesha kwamba ili mtu 1 apate nafuu ya nusu ya maumivu kwa nguvu ya dawa yenyewe, ilibidi watu 7 au 8 wapewe gabapentini au pregabalini. Kwa kundi la amitriptilini ni watu 4 hivi, na kwa kundi la duloksetini ni 6 au 7. Kwa hiyo dawa ikikukataa, si kwamba mwili wako una kasoro wala kwamba unajifanya. Wasiosaidika ni wengi.

Chanzo nacho kina uzito. Kwa maumivu ya neva yanayotokana na VVU, majaribio yaliyofanyika Marekani na Afrika Kusini hayakuonyesha amitriptilini kuishinda dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani). Aliyetumia stavudini, dawa ya VVU, zamani, kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iondolewe taratibu, anaweza kuwa bado anaumwa miguu hadi leo. Huyo aijaribu amitriptilini kwa tahadhari na kwa muda maalumu, asifungiwe nayo maisha.

Mafanikio yenyewe ni yapi? Mara nyingi maumivu hayaishi kabisa. Yanashuka kutoka 8 hadi 5, unalala saa sita badala ya tatu, unaweza kusimama jikoni hadi ugali uive. Wataalamu huhesabu punguzo la asilimia 30, au alama 2 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, kuwa nafuu ya maana. Na jambo moja ambalo watu wachache huambiwa: dawa hizi hazirudishi hisia kwenye sehemu iliyokufa ganzi. Kama shida yako kubwa ni ganzi, usiipime dawa kwa ganzi.

Kwanza chanzo kitafutwe

Kisukari ndicho cha kwanza kupimwa. Baada ya hapo vipo vyanzo vinavyotibika ambavyo huachwa kirahisi mno. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi na kuchomachoma unaofanana kabisa na wa kisukari. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huumiza neva kwa kuondoa vitamini B6. Anayeimeza apewe piridoksini (ndiyo vitamini B6), kwa kawaida miligramu 25 kwa siku, na akianza kuhisi sindano sindano arudi kliniki mapema asingoje dozi iishe. Pombe ya kila siku, ukoma, mkanda wa jeshi na diski ya mgongo iliyobana neva navyo vimo.

Vitamini vyenyewe vinahitaji neno. B12 humsaidia aliyepungukiwa nayo, asiyepungukiwa anapoteza fedha. B6 ikizidi inaharibu neva zilezile unazotaka kuziponya, na baadhi ya vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vina miligramu 100 hadi 200 za B6 kwa kidonge kimoja. Usivimeze miezi na miezi kwa sababu tu duka la dawa halikukuuliza swali.

Jambo jingine huwachanganya watu wa kisukari: sukari iliyokuwa juu muda mrefu ikishushwa haraka sana, maumivu ya neva yanaweza kulipuka papo hapo, hasa HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache) ikishuka zaidi ya alama 2 ndani ya miezi 3. Mgonjwa anasema insulini ndiyo imemletea ugonjwa, anaiacha. Asiiache. Amweleze daktari ili sukari ishushwe polepole. Maumivu ya aina hiyo kwa kawaida hupungua yenyewe baada ya miezi kadhaa.

Daftari kabla ya kidonge

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu. Maumivu ya neva yana siku mbaya na siku nafuu. Mtu huenda hospitali yakiwa yamepanda kabisa. Wiki mbili baadaye yanashuka kama ambavyo yangeshuka hata bila kitu, na sifa zote zinakwenda kwa dawa. Kinyume chake pia hutokea: dawa imeshusha maumivu kidogokidogo, lakini jana usiku ulikuwa mbaya, na akili inakumbuka jana tu.

Chukua daftari la shule. Kwa siku 7 kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, andika kila jioni saa ileile, tuseme saa 2 usiku, mambo manne: maumivu makali kuliko yote kwa siku hiyo (0 hadi 10), maumivu ya wastani, umeamka mara ngapi usiku uliopita, na kazi moja uliyoichagua wewe. Kazi hiyo iwe kitu halisi unachokifanya kila siku: kutembea hadi kituo cha daladala, kusimama ibadani hadi mwisho, kufua ndoo moja. Mstari mmoja unatosha: «Jumanne: 8, 6, mara 4, nimesonga ugali nimekaa.» Usirudi nyuma kusoma ya jana kabla ya kuandika ya leo. Mwisho wa wiki tafuta wastani wa kila safu, uuzungushie duara. Huo ndio mzani wako.

Dozi ifike, na muda ufike

Kosa tunaloliona kuliko yote ni mtu kubaki na gabapentini miligramu 300 usiku kwa miezi mitatu, halafu aambiwe dawa imeshindwa. Haijashindwa, haijajaribiwa. Gabapentini kwa mtu mzima mwenye figo nzima huanzia 300 usiku siku ya kwanza, 300 mara mbili siku ya pili, 300 mara tatu siku ya tatu, kisha daktari huipandisha kadiri mgonjwa anavyoivumilia. Wengi huhitaji karibu miligramu 1,800 kwa siku ndipo ijulikane mbivu na mbichi. Mzee hupandishiwa kwa wiki badala ya siku. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku ni mgawanyo mzuri. Kama unatumia dawa ya kiungulia yenye alumini au magnesiamu, acha saa 2 zipite kabla ya kumeza gabapentini, la sivyo sehemu yake haitaingia mwilini.

Amitriptilini huja mara nyingi kwa kidonge cha miligramu 25. Anza na nusu, umeze saa 2 usiku kama unalala saa 4. Ukiimeza wakati wa kupanda kitandani, asubuhi utaamka kama umelewa. Kila wiki moja au mbili daktari anaweza kuipandisha: 25, 50, mwisho 75. Karatasi ya ndani ya boksi itakuambia ni dawa ya sonona. Hakuna aliyekuona una matatizo ya akili. Dawa hii huongeza nguvu za kemikali zinazozima taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo, kama vile gabapentini ilivyo dawa ya kifafa inayotuliza neva zenye kelele. Mwenye shida ya moyo, presha ya macho au tezi dume aseme kabla ya kuandikiwa.

Pregabalini huanza kwa 75 mara mbili kwa siku, duloksetini kwa 30 kisha 60 baada ya wiki. Gabapentini na pregabalini hutoka kwa njia ya figo, kwa hiyo omba kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) ipimwe kwanza. Figo ikiwa dhaifu, dozi ya kawaida inageuka sumu.

Jaribio la haki ni wiki 6 hadi 8, zikiwemo wiki 2 kwenye dozi ya juu unayoivumilia. Uliza bei ya dozi ya miezi miwili kabla ya kuanza, maana dawa inayokatika kila tarehe 20 kwa kukosa fedha haiwezi kupimwa. Na katika wiki hizo badilisha kitu kimoja tu. Ukianza dawa, vitamini, kuchua na dawa ya mizizi kwa pamoja, hata ukipona hutajua cha kushukuru.

Usingizi, kinywa kukauka na kizunguzungu mara nyingi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Dereva wa bodaboda asiendeshe siku za mwanzo wala kila dozi inapopandishwa. Pregabalini huweza kuvimbisha miguu na kuongeza uzito. Lakini ukishindwa kukojoa, moyo ukienda mbio, ukizimia, au ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usichanganye dawa hizi na pombe, wala na tramadoli, dawa kali ya maumivu, ambayo daktari wako haijui: gabapentini na tramadoli kwa pamoja zinaweza kupunguza pumzi usingizini, na amitriptilini na tramadoli zinaweza kuleta degedege.

Maumivu ya uso yanayopiga kama umeme ukipiga mswaki au kunawa yana njia yake: kabamazepini, na jibu lake huonekana ndani ya siku chache. Upele ukitokea, acha na umwone daktari mara moja. Kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri (dawa ya VVU) na vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo taja kila unachotumia.

Kusoma daftari

Wiki ya mwisho ya jaribio, tafuta wastani tena, uuweke kando ya ule uliouzungushia duara. Maumivu yakiwa yameshuka kwa theluthi, au usingizi na ile kazi yako vimebadilika waziwazi, dawa inafanya kazi. Namba zikiwa palepale, haikufai, na kuongeza miezi hakutabadilisha kitu. Panapo utata (namba imeshuka kwa 1 lakini unasinzia kazini), swali ni lako wewe, siyo la daktari: nafuu hii inalipa gharama yake? Mpelekee daftari. Mistari hamsini inasikilizwa kuliko neno «bado naumwa».

Ukiamua kuacha, usiache kwa siku moja. Gabapentini punguza 300 kila wiki, amitriptilini ishushe taratibu kwa wiki 4. Kuacha ghafla huleta kukosa usingizi, jasho, wasiwasi, na kwa gabapentini na pregabalini hata degedege. Endelea kuandika wakati unashusha, kwa sababu huku kushuka ni jaribio la pili. Kila ngazi ikipita bila maumivu kupanda, umepata jibu. Yakipanda na kukaa juu zaidi ya wiki, dawa ilikuwa inabeba mzigo bila wewe kujua. Rudi ngazi moja.

Usiku, na miguu isiyosikia

Shuka inayochoma ina dawa ya bure. Chukua boksi la katoni lenye upana wa miguu yako miwili, kata upande mmoja, lisimamishe miguuni mwa kitanda, tandaza shuka juu yake. Miguu inalala ndani kama chini ya kibanda, kitambaa hakiigusi. Kuloweka miguu kwenye maji ya kawaida ya bomba dakika 10 huweza kuwasaidia baadhi kupata usingizi, kisha kausha vizuri katikati ya vidole. Maji ya moto yenye chumvi yaacheni kabisa, jamani. Ngozi yenye ganzi haisemi inapoungua, na kidonda cha mguu wa kisukari kimewapotezea watu miguu. Maji yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, hata ndani usitembee pekupeku, tazama nyayo kila jioni kwa kioo kidogo kilichowekwa sakafuni.

Mguu ukivimba na kuwa wa moto ghafla bila kidonda, udhaifu ukipanda kutoka miguuni kwenda juu kwa siku chache, au ganzi ikikamata sehemu unazokalia pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, hayo si ya kungoja kliniki ya mwezi ujao. Ni ya leo.

Na mara moja kwa mwezi mwombe mtu wa nyumbani akupime hisia. Fumba macho. Aguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu bila kubonyeza, sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Sema «kulia» au «kushoto» kila unapohisi. Vidole 2 au zaidi kati ya hivyo 6 visipohisiwa, peleka miguu kliniki ikaangaliwe, hata kama wiki hiyo haiumi.