Bwalo la shule ya msingi: maneno ya mpishi wa Tandahimba

Mimi ni mpishi, si mwalimu. Watoto niliowapakulia uji zamani hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, leo wananiletea watoto wao. Kwa hiyo kamati ya shule ikikaa kuzungumzia bwalo, na mimi hujipenyeza. Wenzangu huanza na bati na saruji. Mimi naanza na upepo.

Bwalo letu la kwanza lilikuwa na jiko upande wa kusini. Kusi ilipoanza kuvuma, moshi wote wa kuni ukahamia ndani. Watoto walikula wamefumba macho, machozi yanawatoka, hadi mgeni mmoja akaniuliza nani kawapiga. Pepo zetu ni mbili: kusi hutoka kusini-mashariki miezi ya kiangazi, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi. Zote zina mashariki ndani yake. Basi jiko likae magharibi mwa bwalo, moshi uende zake porini. Jengo nalo lilale mashariki-magharibi, jua lipige zile kuta fupi za mwisho tu. Kuta ndefu ziishie usawa wa kiuno, juu pawe wazi, na paa litokeze mita moja nzima, maana mvua ya Januari haiji wima. Chini ya bati weka dari ya mianzi iliyosukwa. Bila dari, mvua ikinyesha hata mimi mwenyewe sijisikii nikiita.

Fundi akija na mabenchi ya kipimo kimoja, mrudishe. Mtoto wa la kwanza anataka kukaa sentimita 31 kutoka chini, meza iwe 53. Wa la sita anataka 38 na meza 64. Miguu ikining'inia, mtoto hatulii. Atapiga teke la mwenzake na uji utamwagika, halafu tutasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Adabu nyingine iko kwenye mbao. Na kila mguu wa benchi ugongelee kipande cha ndara iliyokatika. Kabla ya ndara zile, benchi likiburuzwa kwenye sakafu ya saruji lilinichoma meno. Sahani pia: za plastiki ngumu hazipigi kelele kama za bati.

Maji ndiyo shida yetu huku juu uwandani, kila mtu anajua. Lakini bwalo lenyewe ni shamba la maji. Bati la mita 20 kwa 8, mvua ya milimita 10 tu, linakusanya lita 1,600 kwa hesabu. Toa zinazorukia pembeni, hukosi mapipa sita ya lita 200. Weka mifereji na tangi mapema, msingojee mfadhili. Mlangoni tundika vibuyu chirizi, yaani vidumu vya kunawia vinavyochirizisha maji, walau kimoja kwa watoto ishirini, na sabuni iwe imefungwa kamba. Isipofungwa, Ijumaa haipo.

Sasa foleni. Ukitaka kuharibu chakula kizuri, panga watoto mia tatu mbele ya dirisha moja saa saba juani. Wakubwa wanasukuma, wadogo wanafika sufuria likiwa chini, na mpishi anageuka mkali. Mimi nilikuwa mkali, siwadanganyi. Tulipoacha dirisha nikapoa. Sasa awali, la kwanza na la pili wanakula saa sita na nusu, waliobaki saa saba. Kila meza ina watoto kumi na ndoo yake yenye mfuniko. Mkubwa mmoja wa meza anapakua kwa upawa wa kipimo kimoja, na yeye anajipakulia mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo dawa: hakuna atakayemaliza ndoo huku akijua yeye ndiye wa mwisho. Wanaingia mlango mmoja, wanatokea mwingine, na huko nje kuna makarai matatu: la mabaki, la sabuni, la kusuuza. Vyombo vinapanda kichanjani, vikauke juani, visipanguswe na tambara.

Kipimo changu cha makande ni gramu 100 za mahindi ya kukoboa na 40 za mbaazi kwa mtoto. Kwa mia tatu ni kilo 30 na kilo 12. Mbaazi ziloweke tangu jioni, utaokoa kuni nyingi. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na hindi lenye ukungu lisiingie sufuriani hata kama gunia limetolewa bure. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa.

Mchango wa wazazi uombwe malipo ya korosho yanapotoka. Ukiuomba Machi utakutana na milango iliyofungwa. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo kwa mbaazi za kutoka nje na bei ikaanguka, wazazi walikuwa na mbaazi nyumbani na hela hawana. Tukazipokea, na mpaka leo tunapokea mbaazi, muhogo mkavu, kuni. Asiye na kitu kabisa anakuja siku mbili kuteka maji.

Hapa nitasema kwa ukali. Niliwahi kuona shule inayobandika mlangoni majina ya watoto ambao wazazi wao hawajachanga, na wenyewe wamekaa chini ya mkorosho wakisikiliza vijiko vya wenzao. Mtoto mmoja alikuwa anatafuna bibo, shati lote limepata madoa, anajidai hataki makande. Bwalo la namna hiyo hata ulipake rangi ya dhahabu halikaliki. Deni ni la mzazi. Mwite mzazi ofisini, mtoto mpe sahani.

Ramadhani ina mpango wake. Wanaofunga wasipewe kazi ya kupakua, wala wasikae kunusa. Wafungulie darasa lenye kivuli wapumzike. Na asiyefunga asichekwe. Wapo Wakristo, wapo wadogo, wapo wagonjwa.

Walimu wawili wakae mezani, wale kile kile. Mwalimu akionja makande yasiyo na chumvi, chumvi inapatikana siku hiyo hiyo. Fimbo ibaki ofisini. Kuna mtoto anayekula polepole kila shule. Usimpigie kengele kichwani. Muweke na meza inayoanza kupakuliwa mapema, basi.

La mwisho ni ukoko. Msicheke, ukoko umewahi kutoa watu damu puani jikoni kwangu. Nikaweka zamu: meza iliyofagia bwalo jana ndiyo inayokwangua sufuria leo. Tangu hapo sijawahi kutafuta mtu wa kushika ufagio, ila juzi nimewakuta la tano wanafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.